Mafuta Yanadondoka Huku, Lakini Yanatoka Wapi?

Somo la ufundi na fizika



Hapa Kolwezi hakuna mtu asiyejua lile doa jeusi linalobaki chini ya motokari ya zamani. Liko mbele ya duka, liko kando ya soko, liko katika lupango ya jirani. Mwenye motokari anasema: "Aa, ile ni tabia yake, imeshakuwa muzee." Kila juma anaongeza mafuta kidogo na anaendelea. Halafu siku moja mafuta yanapunguka mbali na mji, katika njia ya Mutshatsha ao ya Sandoa. Taa nyekundu ya mafuta inawaka, yeye anasema "nitafika tu", na moteri inakwama. Vyuma vya ndani vimeungua. Hasara kubwa imezaliwa na kitu cha bei ndogo.

Kuna hasara ya pili. Mtu analipa fundi kwa kazi kubwa, siku tatu zinapita, na doa linarudi palepale. Hapo ugomvi unaanza: mmoja anasema ameibiwa, mwingine anasema amefanya kazi yake yote. Mara nyingi hakuna mwizi kati yao. Fundi alitengeneza fasi mafuta yanapodondoka, na hakutafuta fasi yanapotoka.

Shikeni neno hili, maana somo lote liko ndani yake: fasi ya kudondoka na fasi ya kutoka ni fasi mbili.

I. MOTOKARI YA MFANO

Tuchukue Land Rover ya zamani, kwa sababu ilijulikana sana katika njia mbaya za Afrika, na kwa sababu moteri yake ni rahisi kuielewa. Seri ya I ilianza mwaka wa 1948, Seri ya II mwaka wa 1958, na Seri ya III ilitengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Moteri yake ya esanse iliyoenea zaidi ina silinda 4 na ukubwa wa litri 2 na robo. Ndani ya karteri, ndiyo lile bakuli la chuma la chini, kunakaa karibu litri 6 za mafuta.

Pompi inanyonya mafuta kutoka karteri, inayapitisha katika filtri, kisha inayasukuma mpaka kwenye vilbreke na juu kwenye kulasi. Nyuma ya kazi yao mafuta yanarudi chini kwa uzito wao wenyewe. Basi ndani ya moteri kuna fasi za namna mbili:

a) Fasi za nguvu: filtri, kile kidude cha taa nyekundu, na njia zote mafuta yanapopita kwa kusukumwa na pompi. Hapo mafuta yakipata tundu yanatoka kwa wingi, lakini wakati moteri inageuka tu.

b) Fasi za kurukiwa: kifuniko cha juu cha moteri, vifuniko vya ubavuni, na midomo ya karteri. Hapo hakuna pompi inayosukuma. Mafuta yanarukia chuma na kuteremka. Yakipata njia yanatoka polepole, na saa ingine yanaendelea kudondoka hata moteri imezimwa.

Kati ya vyuma viwili kunatiwa jwe, ndiyo kile kipande cha karatasi ngumu, cha gamba laini kama kizibo cha chupa, ao cha mpira. Fasi ambapo chuma kinachogeuka kinatokea nje, kunatiwa jwe ya mviringo yenye mdomo wa mpira, mafundi wanaiita spi.

Kwa hiyo ulizo la kwanza kwa mwenye motokari lisiwe "inatoka wapi?" Mwulize: "Inatoka wakati gani?"

II. KWA NINI MAFUTA YANADANGANYA MACHO

Mafuta yanapotoka yanashika chuma na kukifuata. Yanateremka chini, na upepo wa ventilateri pamoja na mwendo wa motokari unayasukuma nyuma. Tone lililozaliwa juu na mbele linaweza kutembea njia nzima ya moteri mpaka nyuma kabisa. Linadondoka pale linapopata ncha ya kuachia.

Hapa kwetu kuna shida ingine: vumbi. Katika wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu ya njia zetu inaingia chini ya motokari na kukutana na mafuta. Inakuwa tope nzito kama udongo wa mfinyanzi. Tope ile inaficha kila kitu. Mafuta ya mwaka jana na mafuta ya asubuhi ya leo yana sura moja.

Kanuni ya mafundi ni hii: tafuta fasi iliyolowa iliyo ya juu kabisa, na iliyo ya mbele kabisa. Kila fasi iliyo chini yake ao nyuma yake ishukie kuwa njia tu, mpaka uhakikishe.

III. HATUA YA KWANZA: KARTONI

Chukua kartoni safi, itie chini ya motokari jioni, na chora fasi ya magurudumu manne. Asubuhi tazama matone yako wapi, na ni ya namna gani:

- Mafuta ya moteri: ni rangi ya kahawa ao nyeusi, mepesi kidogo kwenye vidole.
- Mafuta ya bwati na ya daraja: ni mazito, na yana harufu kali sawa na kiberiti. Ukiisha kuinusa mara moja, hutaisahau.
- Mafuta ya freni ao ya ambreaji: ni maji-maji, na yanakula rangi ya motokari. Ukiona haya, motokari isitembee mpaka itengenezwe.
- Maji ya radiateri: hayana utelezi wa mafuta, saa ingine yana rangi ya kutu ao ya kijani.
- Esanse: inakauka mbio, lakini harufu inabaki.

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini fundi anayetafuta katika moteri mafuta yaliyotoka katika bwati, atafuta moteri mpaka jioni bila kuona kitu.

IV. HATUA YA PILI: KUSAFISHA

Hakuna kutafuta mahali pachafu. Sherti moteri ioshwe yote, juu na chini, mbele na nyuma. Toa tope kwa kijiti cha mti, kisha tumia burashi na petroli ya taa ao mazutu, kisha sabuni na maji. Funika kwanza delko na fasi ya kuingizia hewa, maji yasiingie. Moteri iwe baridi. Usioshe kwa esanse: cheche moja ya batri inatosha kuunguza motokari na wewe mwenyewe.

Saa ingine kuosha peke yake kunaonyesha adui. Ekru iliyolegea ilikuwa imefichwa na tope, sasa unaiona.

V. HATUA YA TATU: CHAKI YA DARASANI

Sasa chukua vipande vidogo vya chaki vinavyobaki chini ya tablo, visage viwe unga laini. Moteri ikiwa imekauka kabisa, pakaza unga ule kwa burashi kavu kwenye fasi zote unazoshukia: kando ya kifuniko cha juu, kando ya vifuniko vya ubavuni, kuzunguka filtri, mbele na nyuma ya moteri. Usiitie karibu na fasi ya kuingizia hewa. Poda ya watoto inafanya kazi ileile.

Acha moteri igeuke dakika kumi, mikono na nguo mbali na mukaba wa ventilateri. Kisha izime na utazame kwa torshi. Mafuta yakitoka hata kidogo sana, chaki nyeupe inageuka rangi pale pale, sawasawa na karatasi inayonyonya wino. Ukikosa kuona kitu, tembeza motokari kilometa kumi, utazame tena. Kuna njia zinazotoka tu wakati mafuta yana moto, kwa kuwa mafuta ya moto ni mepesi kuliko ya baridi.

Njia hii ina heshima yake. Zamani, katika karakana za reli, mafundi walikuwa wanapaka mafuta kwenye vyuma vya magurudumu ya treni, wanapangusa vizuri, kisha wanapakaza unga mweupe wa chokaa. Mafuta yaliyoingia katika ufa yalikuwa yanarudi na kuchora mstari kwenye unga. Ufa usioonekana kwa macho ulijionyesha wenyewe. Siku hizi kuna pia rangi inayotiwa ndani ya mafuta na kung'aa chini ya taa ya ultravioleti. Ni nzuri, lakini asiyekuwa nayo ana chaki.

VI. KITOBO CHA KLOSHI

Sasa tufike kwenye fasi inayoleta ugomvi mwingi kuliko zote. Kati ya moteri na bwati kuna nyumba ya chuma yenye umbo la kengele, ndiyo maana inaitwa kloshi. Ndani yake kuna ambreaji. Chini ya nyumba ile, katika Land Rover, waliacha kitobo kwa kusudi. Kuna na visi ya kukifunga wakati motokari inavuka mto, na visi ile sherti itoshwe ukifika ng'ambo.

Mafuta yakidondoka katika kitobo kile, mafundi wengi wanasema neno moja. Sikilizeni mazungumzo kama haya, yanasikika katika garaji nyingi za chini ya mwembe, Manika ao Dilala:

"Papa, iko spi ya nyuma. Tutatosha bwati."

"Fundi, uko hakika?"

"Papa, angalia kitobo. Inadondoka palepale."

Inaweza kuwa kweli. Lakini fikirini kazi inayofuata. Katika ile Land Rover, kutosha bwati ni kutosha mbao za chini za ndani, na sanduku zima la viti, kabla ya kugusa bwati yenyewe. Ni kazi nzito na feza nyingi. Na mafuta ya kitobo yanaweza kuwa yametoka katika fasi zingine:

1. Nyuma ya kifuniko cha juu. Kifuniko kile kinashikwa na ekru chache tu. Jwe yake ikikauka nyuma, fasi usiyoiona vizuri, mafuta yanateremka kwa mgongo wa moteri mpaka kwenye kloshi.

2. Kifuniko cha ubavuni, ao filtri, ao kidude cha taa nyekundu. Yote yanateremka na kurudi nyuma.

3. Bwati yenyewe, kwa mbele. Hapo harufu ya kiberiti itasema.

4. Ndiyo, spi ya nyuma ya vilbreke.

Jaribio ni hili. Safisha, pakaza chaki mgongo wote wa moteri na juu ya kloshi, tembeza. Chaki ikilowa kutoka juu, usiguse bwati. Panda na kufuata njia mpaka mwanzo wake. Chaki ikibaki nyeupe kila fasi, na kitobo kinadondoka mafuta meusi ya moteri, sasa fundi ana haki ya kusema "spi ya nyuma", na mwenye motokari ana haki ya kumwamini.

Onyo moja: kuna watu wanaofunga kitobo kile ili doa lisionekane. Doa linapotea kweli. Lakini mafuta yanabaki ndani, yanapanda kwenye ambreaji, na ambreaji inaanza kuteleza katika mlima. Kitobo kilikuwa kinasema habari, na wewe umekifunga kinywa.

VII. MAFUTA YANAYORUDI KILA MARA: RENIFLARI

Inatokea fundi anabadilisha jwe, kazi inafanywa vizuri, na nyuma ya mwezi mmoja mafuta yanatoka tena. Ukibadilisha hapa, yanatoka kule. Hapo tukumbuke somo la fizika juu ya nguvu ya hewa.

Hakuna pistoni inayofunga silinda kwa ukamilifu. Kila mara esanse inapowaka, hewa kidogo inapita kando ya segmenti na kushuka katika karteri. Hewa ile sherti itoke. Njia yake inaitwa reniflari. Katika moteri ya mfano wetu iko katika vifuniko vya juu na vya kutilia mafuta, ndani mnajaa nyuzi za chuma za kuzuia vumbi.

Nyuzi zile zikijaa vumbi na mafuta mazito, hewa inakosa mlango. Nguvu inapanda ndani ya karteri, na inasukuma mafuta katika kila jwe, hasa ile dhaifu. Ukiikaza hiyo, inatafuta dhaifu ya pili. Sasa mnaelewa kwa nini mafuta yanahama kila mara.

Tosha reniflari, zioshe kwa petroli ya taa mpaka pumzi ya kinywa ipite vizuri, zikauke, zirudishe. Ni kazi ya nusu saa, karibu bila feza. Kwa hiyo inafanywa kabla ya kununua jwe yoyote. Katika nchi yenye vumbi kama yetu, ifanywe kila vidanji.

Na kama reniflari ni safi? Acha moteri igeuke polepole, fungua kifuniko cha kutilia mafuta, tia karatasi nyepesi juu ya mdomo. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Karatasi ikirushwa na moshi wa buluu ukitoka kwa vishindo, segmenti ao silinda zimechoka. Hapo mwambie mwenye motokari ukweli: jwe mpya haitaponyesha, maana ugonjwa uko ndani zaidi.

Tazama pia kijiti cha kupimia, motokari ikiwa fasi ya sawasawa. Mafuta yakipita alama ya juu, yanapigwa na vilbreke na kutafuta njia. Na yakiwa na harufu ya esanse, yakiwa mepesi kuliko kawaida, pompi ya esanse inaweza kuwa imepasuka ngozi yake ya ndani na kumwaga esanse katika karteri. Mafuta mepesi yanatoka fasi ambapo mazito hayawezi, na hayalindi tena vyuma.

VIII. KUKAZA NAKO KUNA KIPIMO

Kijana mwenye nguvu anaona mafuta, anachukua kle na kukaza mpaka mishipa inasimama. Kifuniko ni bati jembamba. Kinajikunja kati ya buloni mbili, jwe inapasuka, na mlango unakuwa mkubwa kuliko mbele. Kaza kidogo kidogo, kwa kuzunguka, kila buloni kwa zamu yake. Ukikuta mdomo wa bati umekwisha kujikunja, uweke juu ya ubao sawasawa na kuunyoosha kwa nyundo ndogo kabla ya kutia jwe mpya. Na jwe haitiwi juu ya masalio ya jwe ya zamani.

IX. MAMBO YA KULINDA

Kwanza, usiingie chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Tia shandeli ao magogo mazito ya mti, fungia magurudumu, sukuma motokari kwa mkono kwanza. Kriki inateleza bila kuaga.

Pili, taa nyekundu ikiwaka katika njia, simama na uzime moteri pale pale. Usihesabu kilometa.

Tatu, mafuta ya vidanji yasimwagwe katika mtaro ao nyuma ya nyumba. Mvua inayachukua mpaka kwenye visima tunapochota maji, na mpaka mto Musonoi na Lualaba. Yakusanyeni katika bido yenye kizibo. Na oshe mikono kwa sabuni, maana mafuta yaliyotumika yanadhuru ngozi.

X. MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Motokari inadondosha mafuta wakati moteri inageuka tu, na kwa wingi. Taja fasi mbili utakazotazama kwanza, na sababu.

2. Kopo limekusanya mililita 30 kwa usiku mmoja. Ikiendelea vile, siku ngapi zitapita mpaka litri 1 na nusu ipotee?

3. Kwa nini mafuta ya moto yanatoka mbio kuliko ya baridi? Jibu kwa maneno ya fizika.

4. Mwenye motokari amefunga kitobo cha kloshi, na anafurahi kwa sababu doa limepotea. Utamwambia nini, kwa heshima?

5. Jwe mbili zimebadilishwa, na sasa mafuta yanatoka katika ya tatu. Utaosha nini kabla ya kununua kitu?

Andikeni majibu katika kaye ya fizika. Walio na motokari, ao hata pikipiki, katika lupango yao waanze na kartoni jioni ya leo, na walete darasani walichokiona.